Kamera Iliyoona Utosi Tu

Usiku nilioitwa kurudi kwenye ghala nililolifungia kamera, nilikaa mbele ya skrini pamoja na mwenye ghala tangu saa mbili hadi karibu saa sita, tukitazama magunia yanayotembea. Hivyo ndivyo picha ilivyokuwa: gunia la mchele linaondoka kwenye mlundo, linakwenda mlangoni, linatoweka, na chini yake inaonekana miguu miwili yenye kandambili. Aliyelibeba hakuwa na uso. Kamera ilikuwa mita 9 juu yake, imebanwa kwenye kenchi, yaani fremu inayobeba paa, chini kidogo ya bati, na mbebaji anapoweka gunia begani na kuinamisha kichwa, anayemtazama kutoka juu kiasi hicho haoni kitu isipokuwa gunia na visigino, na gunia likishatuliwa, utosi.

"Fundi," mwenye ghala aliniuliza tuliporudisha picha nyuma kwa mara ya tatu, "huyu ni nani?"

Sikuwa na jibu. Tuliijua saa na dakika ya kila gunia lililotoka, tuliijua rangi ya kandambili, tuliweza hata kuhesabu hatua kutoka kwenye mlundo hadi mlangoni, lakini mtu mwenyewe hatukumjua. Mwenye ghala hakunigombeza. Alizima skrini, akanipa chai, akaniambia kwamba kesho yake angelazimika kuwatazama vibarua wake wote kwa jicho lile lile la shaka, wezi na wasio wezi pamoja. Maneno hayo yaliniuma kuliko kama angenidai fedha yake, kwa sababu yalikuwa kweli: kamera zangu zilikuwa zimethibitisha wizi bila kumwonyesha mwizi, na hapo kila asiye na hatia hubaki mtuhumiwa.

Ghala lile liko Ubaruku, wilayani Mbarali, katika bonde la Usangu ambalo mchele wake huko mijini huitwa mchele wa Mbeya. Ilikuwa mwaka 2016. Kabla ya hapo kazi yangu yote ilikuwa ya nyumba na maduka ya Mwanjelwa na Soweto, jijini Mbeya, ambako kamera hufungwa chini ya varanda, mita mbili na nusu au tatu kutoka ardhini, kwenye dari la mbao lililo tayari kushika skrubu. Nilipoingia kwenye jengo lenye urefu wa mita 60, lisilo na dari, kenchi zake za chuma zikiwa wazi na bati likionekana mbali juu, nilidhani kwamba nimepewa zawadi. Niliamini kwamba jicho likiwa juu zaidi huona zaidi. Nikazipanga kamera 8 zote juu kabisa, zote zikiwa na lenzi ya milimita 2.8 kwa sababu ndiyo inayokumbatia upana mkubwa, na siku ya kukabidhi kazi ghala zima lilionekana kwenye skrini kama uwanja wa mpira unaotazamwa kutoka mlimani. Mwenye ghala alifurahi, nami nikafurahi, nikalipwa, nikaondoka.

Baada ya usiku ule nilizirudia hesabu ambazo nilipaswa kuzifanya kabla ya kupanda ngazi. Kamera zile zilikuwa za megapikseli 4, maana yake picha ina pikseli 2,560, yaani nukta ndogo zinazoichora, kutoka ubavu mmoja hadi mwingine. Lenzi ya milimita 2.8 huona takriban nyuzi 100 kwa upana, kwa hiyo kwenye umbali wa mita 20, ambao ndio uliokuwa kati ya kamera ya karibu na mlango mkubwa, picha hubeba upana wa mita 48 hivi. Gawanya pikseli 2,560 kwa mita hizo 48, utapata pikseli 53 kwa kila mita. Uso wa mtu mzima una upana wa karibu sentimita 16. Basi uso mzima, macho, pua, kovu na ndevu, ulikuwa ukichorwa kwa pikseli 8 au 9. Kiwango cha kimataifa cha IEC 62676-4, katika toleo lake la 2014, kinataka pikseli 250 kwa mita ikiwa nia ni kumtambua bila shaka mtu usiyemjua, 125 ikiwa nia ni kumtambua mtu unayemfahamu tayari, na 25 ikiwa unataka tu kujua kwamba kuna mtu. Mimi nilikuwa nimeahidi kazi ya kwanza, nikafunga vifaa vinavyotosha kwa kazi ya tatu.

Hata hivyo pikseli hazikuwa kosa langu kubwa. Ningeweza kubadilisha lenzi, nikaweka ya milimita 12 ambayo huvuta picha karibu, lakini ningepata utosi mkubwa zaidi na gunia lililo wazi zaidi. Kosa kubwa lilikuwa pembe ya kutazamia. Ili uso usomeke vizuri, mteremko wa jicho la kamera kuelekea usoni unapaswa kuwa wa nyuzi 15 hivi, na ukishapita 30 unaanza kuona paji la uso na kofia tu. Kamera iliyo mita 9 juu, ikitaka kuutazama uso ulio mita 1.6 kutoka sakafuni kwa mteremko wa nyuzi 15, inahitaji mtu huyo awe karibu mita 28 mbele yake. Ikishushwa hadi mita 3, umbali huo unakuwa mita 5 na kidogo. Tangu nilipoielewa hesabu hii niliacha kuuliza jengo limekwenda juu kiasi gani kana kwamba kuwa juu ni faida; siku hizi nauliza nyuso zitapita wapi, kisha natafuta namna ya kuishusha kamera ifike karibu nazo. Kenchi ni mahali pa kuning'iniza. Kwa kutazamia, mara nyingi ni mahali pabaya.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo halikuhusu urefu, nalo nilionyeshwa na mlinzi wa pale, mzee aliyekuwa amesimama nyuma yetu muda wote akitazama kimya. "Kijana wangu," aliniambia, "anayeiba anatoka, haingii. Na hizi zako zote ziko ndani." Alikuwa na haki kabisa. Kamera iliyo ndani ya ghala humwona anayetoka kwa mgongo, na mchana humwona kama kivuli cheusi mbele ya mlango unaong'aa, kwa sababu mwanga wa nje huilemea picha. Anayetoka na mzigo anapaswa kutazamwa kutoka mbele, yaani kutoka nje, na mahali pa kufungia hapo nje palikuwapo tayari: kenchi ya kibanda cha kupakilia malori, mita 6 mbele ya mlango, ambayo nilikuwa nimeipita kila siku bila kuitazama.

Nilirudi Ubaruku mwezi Juni kufanya kazi upya, na hapo nikakutana na funzo la tatu, ambalo naliona kuwa ndilo mafundi wengi hulikosa. Mara ya kwanza nilipima ghala mwezi Januari, likiwa karibu tupu. Juni ni wakati wa mavuno ya mpunga Usangu, na milundo ilikuwa imepanda hadi mita 5, ikaacha vichochoro vyembamba kati yake. Kamera nne kati ya nane zilikuwa zikitazama kuta za magunia. Jengo lile lina sura mbili, ya kiangazi na ya masika, na anayepima siku moja tu amepima jengo nusu. Siku hizi sichori mpango wowote wa ghala la nafaka kabla ya kumwomba mwenyewe anionyeshe kwa mkono, ukutani, mlundo wa juu kabisa aliowahi kuuweka, na kila safari nachora mstari wa chaki hapo hapo.

Kwa hiyo tuligawa kazi. Kamera mbili tuliziacha juu zitazame ghala zima, kwa sababu kuna maswali ambayo jibu lake ni hilo: gunia liliondoka kwenye mlundo upi, saa ngapi, lilielekea wapi. Nne tulizishusha kwa mabomba hadi mita 5 na nusu, juu ya vichochoro na si juu ya milundo, kila moja ikitazama kichochoro chake kwa urefu. Mbili tulizihamishia kwenye kibanda cha kupakilia, zikitazama mlango kutoka mbele, kwenye mita 2.8, lenzi ya milimita 6. Lenzi hiyo huona nyuzi 50 hivi, kwa hiyo kwenye mita 6 picha inabeba mita 5 na nusu, na pikseli zinapita 450 kwa kila mita. Nilijua kwamba kamera iliyo mita 2.8 inaweza kugeuzwa kwa fimbo ya ufagio, ndiyo maana zile mbili zinatazamana kwa pembeni kiasi kwamba anayeifuata moja anaingia usoni mwa nyingine. Mabomba yote tuliyaweka kando ya njia ya malori, maana lori lililopakiwa likifunikwa turubai huzidi mita 4, na dereva anayerudi kinyumenyume hatazami juu.

Sasa niseme kuhusu bomba lenyewe, kwa sababu hapo ndipo penye ufundi. Nilianza na minyororo, na ninashauri kwa moyo wote kwamba mtu asianze na minyororo. Mnyororo hujisokota na kujisokotoa kila mlango unapofunguliwa, na kamera inazunguka nao. Bomba la chuma la maji, lile lililopakwa zinki, la inchi moja, linatosha kwa kushuka mita mbili au tatu. Zaidi ya hapo natumia la inchi moja na nusu. Bomba la inchi moja lenye urefu wa mita 3 lina uzito wa karibu kilo 7, ukiongeza kamera na kisanduku chake unafika kilo 9, na uzito huo hauwezi kushikwa na papi. Papi zimewekwa kubeba bati. Ninabana kwenye kenchi, tena karibu na kiungo ambapo vyuma vyake vinakutana, si katikati ya chuma kinachoelea, na ninabana kwa klampu ya boliti bila kutoboa wala kuchomelea. Kenchi ilihesabiwa na mhandisi pamoja na chuma chake chote. Tundu ninalolitoboa mimi halimo kwenye hesabu yake.

Niliyajifunza mengine Makambako, mji ambao kila aliyewahi kushuka basi pale stendi anaujua upepo wake. Ilikuwa bohari ya mbao zinazoletwa kutoka Mafinga, paa kubwa lililosimama juu ya nguzo bila kuta. Nilishusha kamera kwa bomba la mita 4 lisilo na kitu cha kulishikiza pembeni, nikaridhika kwa sababu asubuhi ile hakukuwa na upepo. Alasiri bomba lilianza kucheza. Kwa macho ungelitazama na kusema halitikisiki, lakini kwenye skrini mbao zote zilikuwa zikiyumba kama mashua. Hesabu yake ni rahisi na inatisha: kamera ikiinama nyuzi 1 tu, kitu kilicho mita 25 mbele yake kinahama karibu sentimita 44 kwenye picha. Usiku, mwanga unapokuwa mdogo na kamera inapochukua muda mrefu zaidi kwa kila picha, kuyumba huko kunaupaka uso ukawa doa. Na kwa kuwa picha nzima inasogea, kengele ya kuonya mwendo ilikuwa ikilia mfululizo, mpaka mlinzi akaizima. Nilifunga nyaya tatu za chuma kutoka karibu na mwisho wa bomba kwenda kwenye kenchi pande tatu, zikikazwa kwa skrubu za kukazia, na bomba likatulia. Pale ambapo kuna nguzo karibu, kipande cha chuma cha pembe kutoka kwenye nguzo hadi kwenye bomba hufanya kazi nzuri kuliko nyaya hizo.

Miezi mitatu baadaye mwenye bohari alinipigia simu kwamba kamera moja "imeangalia pembeni". Nilidhani imeguswa na mtu. Nilipofika nilikuta nyaya ziko imara na klampu iko imara, lakini kipande cha chini, ambacho sikukifunga kwa nyaya, kilikuwa kimejifungua chenyewe kwenye uzi wake, ile mistari ya kukazia inayounganisha vipande vya bomba, kidogo kidogo, kila upepo ukikisukuma nusu ya upana wa ukucha. Siku hadi siku hakuna aliyeona tofauti, kwa sababu picha ya leo hufanana na ya jana. Kilichobaki kilikuwa mizunguko miwili na nusu ya uzi kabla kamera na kisanduku chake havijaanguka kwenye njia ambayo vijana wa kupanga mbao hupita kutwa. Nilivihesabu vile vizunguko kwa kidole nikiwa juu ya ngazi, na mikono ikanitetemeka.

Tangu siku hiyo kila kiungo cha uzi ninakitoboa na kupitisha boliti ya milimita 6 kutoka upande mmoja hadi mwingine, nati yake ikiwa ya kujibana. Kisha napiga mstari mmoja wa rangi nyekundu unaopita juu ya kiungo, nusu kwenye bomba la juu na nusu kwenye la chini. Mstari ukikatika, kiungo kimezunguka, na mlinzi anaweza kuuona kwa macho akiwa amesimama sakafuni. Kopo la rangi hiyo nusu lita ninalo mpaka leo na halijaisha.

Waya wa usalama, yaani kamba ya pili ya chuma inayoishika kamera hata kama bomba likikatika, nilifundishwa na mzee wa kanisa moja wilayani Rungwe. Kanisa lilikuwa na kenchi za mbao, mita 7 kutoka sakafuni, na vyombo vya kwaya vilikuwa vimeibwa. Nilimwamkia, nikamwonyesha bomba.

"Marahaba, mwanangu," alisema, akalishika, akalipima uzito kwa mkono. "Hili litakuwa juu ya vichwa vya watu wanaosali. Likianguka, utawaambia nini?"

Nilimweleza kuhusu klampu na boliti. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema tuning'inize kwanza gunia. Tukafunga mahindi ya debe tatu, kilo zisizopungua 50, mahali pale pale ambapo bomba lingekuwa, tukaliacha usiku kucha mabenchi yakiwa yamesogezwa kando. Asubuhi alipima kwa kamba kama gunia limeshuka. Halikushuka. Ndipo akaniruhusu, kwa sharti kwamba niongeze kamba ya pili iliyofungwa kwenye mbao nyingine, isiyotegemea klampu ile. Sharti lake jingine lilikuwa kwamba kamera itazame milango na jukwaa la kwaya, isitazame mahali ambapo watu hupiga magoti. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilikuja kutungwa nchini mwaka 2022, lakini mzee yule alikuwa ameshaniambia kiini cha jambo: kila kamera iwe na sababu inayoweza kuelezwa mbele ya anayetazamwa. Nilipomaliza, waumini waliniaga kwa "ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, nami nikaondoka nikiwa nimepewa kanuni mbili ambazo sijaziacha hadi leo.

Kosa langu kwenye kanisa hilo lilionekana mwezi Julai. Kamera ya upande wa mashariki ilizimika, na nilipoishusha na kuifungua, maji yalinimwagikia mkononi. Hakukuwa na mvua kwa majuma kadhaa. Aliyekaa nyanda hizi anajua kwamba usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10, na bati linalopoa hivyo, huku pumzi na unyevu vikiwa vimepanda juu tangu ibada ya jioni, hutoka jasho. Matone yalikuwa yakishuka kwenye waya wa mtandao, ambao ndio pia unaoipa kamera umeme, yakafuata waya mpaka ndani ya bomba, na bomba likayapeleka moja kwa moja hadi kwenye kiunganishi, ambako pini mbili zilikuwa zimeota kutu ya kijani, zile zinazobeba umeme. Nilikuwa nimejenga mfereji wa maji na kuweka kamera mwisho wake. Dawa yake si ghali: waya uingie kwenye bomba kwa tundu la ubavuni, na kabla ya kuingia ushuke chini ya tundu hilo kisha upande, ili tone lidondoke kwenye kitanzi badala ya kuingia, tundu lizibwe kwa silikoni, na chini kabisa, juu kidogo ya kisanduku cha kamera, pawe na kitundu cha milimita 4 cha kutolea maji yatakayoingia hata hivyo, maana yataingia.

Kuhusu nyaya nitasema kwa kifupi. Waya wa mtandao haupaswi kuzidi mita 100 kutoka swichi, yaani kifaa kinachozigawia kamera mtandao na umeme, hadi kamera, na kwenye jengo refu watu husahau kwamba waya hupanda ukuta, hufuata kenchi, kisha hushuka tena ndani ya bomba. Kwenye ghala la kahawa wilayani Mbozi, jengo la mita 70, waya wangu mmoja ulifika mita 112. Tena niliununua kwa bei nafuu, ukawa wa alumini iliyopakwa shaba juu. Mchana kamera ilifanya kazi bila tatizo. Kila jioni, saa moja kasoro dakika kumi na tano hivi, ilizimika, ikawaka, ikazimika, usiku kucha. Nilibadilisha kamera mara mbili kabla ya kuelewa kwamba giza linapoingia taa zake za infraredi, zenye mwanga usioonekana kwa macho, huwaka, kamera inahitaji umeme mwingi zaidi, na waya mrefu wa alumini hauwezi kuufikisha. Niliweka swichi ya pili kwenye nguzo ya katikati, kwenye urefu wa kifua cha mtu, nikavuta waya wa shaba halisi, na tatizo likaisha usiku huo huo.

Taa hizo hizo za infraredi zina tabia nyingine inayohusu moja kwa moja kufunga karibu na bati. Zikimulika kenchi au bati lililo karibu, mwanga hurudi kwenye lenzi na picha ya usiku inakuwa ukungu mweupe. Buibui nao hupenda joto la kamera. Uzi mmoja wa utando mbele ya lenzi huonekana kama kamba inayowaka. Kwenye mashine za kukoboa, vumbi la pumba hufunika kioo ndani ya wiki mbili. Kamera iliyo mita 9 juu husafishwa mara moja kwa mwaka, pengine isisafishwe kabisa, kwa sababu kila kusafisha kunahitaji jukwaa. Iliyoshushwa hadi mita 4 au 5 husafishwa na kijana mwenye fimbo ndefu na kitambaa laini. Kama ningekuwa na sababu hii moja tu ya kuzishusha, ingenitosha.

Siwezi kuandika kuhusu kazi hii bila kuandika kuhusu spana. Ilikuwa kwenye ghala moja pembezoni mwa jiji la Mbeya. Kijana wangu alikuwa juu ya jukwaa la magurudumu, mita 8, akiwa amefunga mkanda wa usalama kwenye kenchi kama nilivyomfundisha, na magurudumu yamefungwa breki. Mtu alikuwa salama. Spana haikuwa imefungwa. Ilimponyoka, ikapita kwenye nafasi ya mbao mbili za jukwaa, ikaingia kwenye gunia la mahindi hadi mpini, hatua moja kutoka kwa mama aliyekuwa akifagia nafaka iliyomwagika. Kitu kinachoanguka kutoka mita 8 hufika chini kikiwa na mwendo wa karibu kilomita 45 kwa saa. Mama yule alisimama, akaitazama, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Baba, hiyo ingenipata?" Nilimwambia ndiyo, ingempata, na nikamwomba radhi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 ipo, na nilikuwa nikidhani naifuata kwa sababu kijana wangu alikuwa na mkanda. Sasa kila chombo kinachopanda hufungwa kamba kwenye kifundo cha mkono au kwenye mkanda, na eneo lote la chini huzungushiwa utepe na kuwekewa mtu mmoja asiye na kazi nyingine isipokuwa kuwazuia watu. Wenye maghala hulalamika kwamba namlipa mtu kwa kusimama tu. Namlipa kwa furaha.

Mwaka jana nilifunga kamera kwenye ghala la mchele Igurusi, na sikukabidhi kazi mchana. Tulisubiri hadi saa tatu usiku, taa zikazimwa, nikamwomba kijana wangu abebe begani kiroba cha pumba, avae kofia, atembee kutoka kwenye mlundo wa mwisho hadi nje ya mlango, kama anavyotembea mtu asiyetaka kuonekana. Mara ya kwanza nilikiona kiroba. Nikaishusha kamera ya kibandani kwa upana wa kiganja, nikaigeuza kidogo kuelekea bega lililo wazi. Mara ya pili niliona kidevu. Mara ya tatu kofia ilizuia, nikaishusha tena. Alipopita mara ya nne, akihema na jasho likimtoka katika baridi ile, niliuona uso wake wote kwenye simu yangu, hadi alama ndogo aliyonayo juu ya nyusi ya kushoto. Nikamwambia atue mzigo. Kisha nikapanda ngazi, nikakaza nati, nikapitisha boliti kwenye kiungo, nikafungua kopo la rangi nyekundu.